Candid, Yaani Mweupe

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Nimepata silaha! Kamusi kuukuu ya Kiingereza, neno candid. Asili yake Kilatini, candidus: -eupe, -enye kung'aa. Warumi waliotaka kura walipaka majoho yao chaki! Kuna maana ya pili, ya siku hizi: mkweli, asiyeficha jambo. Hiyo nimeiruka. Alhamisi tunachagua katibu wa kituo chetu cha majani chai hapa Gesima. Jina la katibu huandikwa ubaoni kwa rangi. Miaka tisa nasoma jina la Jethro Onsongo na kutazama koti lake la kahawia. Safari hii nagombea mimi. Basi!

Jumanne, 4 Novemba
Kisii mjini, dukani kwa Bipin. Suti nyeupe? Akauliza kama nabatizwa. Nikamweleza habari za Warumi. Akasema Warumi hawakuijua mvua ya Gesima. Wivu! Alikuwa na moja tu, rangi ya maziwa yaliyolala. Weupe nitaongeza mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba
Mwalimu Valentine amekataa kunipa chaki za shule. Lakini aliposikia candid alifurahi mno! Akasema hatimaye kituo kitapata mkweli. Sikumsahihisha. Mke wangu Nyamusi ana kilo mbili za unga wa ngano, za chapati za wageni. Alikuwa nazo.

Alhamisi, 6 Novemba
Niliingia nikimeremeta! Safu nzima ya mbele ikasimama. (Kumbe walikuwa wanakwepa unga.) Nikatangaza: mimi ni candid. Valentine akawafafanulia wakulima: yaani hafichi kitu, mwulizeni lolote. Ee! Jethro akauliza, kwa upole wake ule, nani alivunja mizani ya kituo mwezi wa nane. Nikasema panya. Nyamusi akapaza sauti kutoka nyuma: Baba Moraa, si ulipanda kujipima kilo? Saa tisa mvua ikaja. Paa linavuja mahali pamoja tu, hapo hapo niliposimama. Nikawa donge. Kuku wakanisindikiza hadi nyumbani.

Jethro kura sitini na moja. Mimi mbili. Moja yangu, na Nyamusi ameapa ya pili si yake. Imeniuma sana.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimelia kidogo chooni. Kisha nikafungua kamusi, herufi E. Egregious! Kilatini: aliyetoka nje ya kundi, aliye bora kuliko wenzake. Nani huyo kama si mimi? Mwezi ujao tunachagua kiongozi wa kwaya. Nimempigia Bipin simu anichapishie fulana arobaini: MACHOGU NI EGREGIOUS. Ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Kamusi inaongeza maana ya siku hizi, -baya kupindukia, lakini nani ana wakati wa maana ya pili?