Tovuti ya Kumnyamazisha Mzee Zadock

Jumapili, 4 Oktoba 2009

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Tovuti ya kanisa letu ina kihesabu wageni chini ya ukurasa, na kinaonyesha kwamba tumetembelewa zaidi ya mara elfu nne. Karibu wote hao ni mimi. Nafungua ukurasa, nafunga, nafungua tena. Nafanya hivyo kwenye maktaba ya shule wakati wenzangu wanakula. Vidole vinauma.

Nina sababu. Pasta Solomon alisema tovuti ikipata watu wa kutosha, matangazo yataondolewa kwenye ibada na kuwekwa huko. Na lazima yaondoke, kwa sababu yanasomwa na Mzee Zadock, na Mzee Zadock hawezi kusoma matangazo bila kusimamisha mtu.

Leo yamekuwa marefu kuliko mahubiri. Akasimamisha wageni. Akasimamisha waliopata kazi Shakopee, mji wa jirani. Kisha akasema, yule binti anayesoma sana, Kemunto, simama tukuone. Mama alikuwa amemwambia kuhusu alama zangu za kemia. Mama msaliti. Akaniambia nisalimie kanisa. Nikasema Bwana asifiwe huku nikiangalia kiti cha mbele. Mzee akasema, "Kiti kimeshasikia, mama. Sasa salimia watu." Kanisa zima likacheka. Nimewakariri waliocheka zaidi.

Tarehe 25 ni Jumapili, na ndiyo siku ninayotimiza miaka kumi na sita. Mzee ameshaniambia mlangoni kwamba siku hiyo nitatoa ushuhuda. Mbele. Kwa maikrofoni.

Heri nife.

Jumatano, 7 Oktoba

Barua pepe kutoka kwa kampuni inayotupa nafasi ya tovuti bure. Wanasikitika kutujulisha kwamba huduma itafungwa Jumamosi tarehe 24 na kurasa zote zitafutwa.

Wanasikitika! Nilipokuwa bado sijaanza shule waliwaita watu wa dunia nzima waje wajenge kurasa zao bila kulipa. Watu wakaja kwa mamilioni. Wakaweka picha za paka, mashairi ya mapenzi, nyota zinazomemeteka. Kampuni ikatubandikia matangazo yake ya biashara juu ya kila ukurasa, tukavumilia. Sasa watu wamehamia Facebook, na sisi tuliobaki waaminifu tunafukuzwa kama wapangaji wabaya. Yangu nimeijenga kwa mikono. Rangi ya zambarau. Njiwa anayepiga mabawa. Kumfanya apige mabawa kulinichukua likizo nzima.

Fiona, mdogo wangu, alisoma barua juu ya bega langu. Akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwani kuna mtu huwa anaenda huko. Nikamwambia maelfu. Akasema ni ajabu basi kwamba kwenye kitabu cha wageni cha tovuti wote wanaandika kama mimi. Nimemfukuza chumbani. Ni chumba chake pia. Amerudi.

Uamuzi: simwambii mtu. Pasta akishaondoa matangazo, hakuna atakayekumbuka kuyarudisha.

Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya ibada nilimwonyesha Pasta kihesabu wageni kwenye kompyuta ya ofisi. Elfu sita. Ilikuwa wiki ngumu. Pasta akazihesabu tarakimu kwa kidole. Kanisa letu lina watu tisini, pamoja na watoto wachanga. Akasema huenda ni ndugu zetu walioko Kenya. Nikasema huenda.

Akamwita Mzee Zadock aje aone. Mzee akavaa miwani, akaanzia juu kabisa, kwenye tangazo la biashara la kampuni, akalisoma kwa sauti yake ileile ya Jumapili: wanawake wapweke wa Saint Paul wanasubiri simu yako usiku huu. Akasoma na namba, polepole, kama mtu anayengoja watu watoe kalamu. Kisha akamuuliza Pasta kama hii ni idara mpya au iko chini ya akina mama. Pasta akakohoa muda mrefu. Ningeiuma ile kompyuta.

Lakini elfu sita ni elfu sita. Kuanzia tarehe 25, matangazo yote kwenye tovuti. Nimeshinda.

Jumapili, 18 Oktoba

Mzee Zadock ametangaza mwisho wa matangazo. Tangazo lilichukua dakika arobaini.

Mama Ernestine, aliyekuja kutoka Congo na wanawe, aliinua mkono. "Na siye benye hatuna ordinateri, tutajulia wapi?" Alisema makoti yao ya baridi ya kwanza yalitokana na matangazo. Watu wakageuka kuniangalia mimi, kana kwamba nimewavua makoti. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Si maktaba zina kompyuta?

Jumamosi, 24 Oktoba

Imefungwa. Saa sita mchana ilikuwepo, saa saba haipo. Ukurasa mweupe na sentensi moja ya kutushukuru. Hata njiwa wamemuua.

Nililia, kwa hasira tu. Matangazo ya kesho yalikuwa humo. Sikumpigia Pasta simu. Simu ya saa hizi ingemrudisha Mzee kwenye maikrofoni.

Jumapili, 25 Oktoba

Tuliimba, na Pasta akaenda moja kwa moja kwenye neno. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

Mwishoni Mama Ernestine alisimama bila kuitwa. Akauliza kama kuna aliyesoma kwamba Reine, binti yake, alijifungua Alhamisi, na leo anatoka hospitali ya Maplewood, na hawana gari wala kiti cha mtoto cha kufunga garini. Alikuwa amenipa habari hizo Ijumaa niziandike. Niliziandika. Timothy, mpiga ngoma, akafungua simu yake, akasema kwa sauti kwamba hakuna tovuti.

Pasta akasema, Kemunto, simama.

Nilisimama. Nilieleza kuhusu kampuni, Facebook, usaliti wa wenye mitandao. Pasta akauliza nilijua lini. Nikasema tarehe saba. Akauliza, na wale ndugu elfu sita? Ndipo Fiona, ambaye hajawahi kujibu mtu kwa Kiswahili tangu azaliwe, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Ni huyu peke yake, Pasta. Alikuwa anabonyeza."

Mzee Zadock akapanda mbele. Akatangaza mtoto wa Reine. Kabla hajamaliza sentensi palikuwa na magari matatu, kiti na blanketi. Mama Ernestine akaanza kulia. Mzee akaikamata maikrofoni, akanitazama, akasema kwa kuwa huyu binti yuko wima tayari, tumwimbie siku yake ya kuzaliwa. Waliimba beti zote. Kisha nikatoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu kwa kemia.

Nyumbani nilikula keki nikiwa nimewapa mgongo Mama na Fiona. Nikafunga mlango. Nikatafuta kampuni nyingine inayotoa nafasi bure, nikaipata, nikakubali masharti yake bila kuyasoma kwa sababu yalikuwa marefu kama Mzee Zadock. Nikachagua rangi ya kijani. Nikamwandikia Pasta kwamba tunaweza kuanza upya Jumapili ijayo, na kwamba hawa hawatatufukuza kamwe, kwa kuwa hawatutozi chochote.