Nywila za Desderius

Jumanne ile Desderius alipofariki, nusu ya mji wa Ngara ilipoteza nywila zake. Wateja wa stesheneri yake, wakulima wa Kasulo na wanafunzi wa Mabawe, hawakujisumbua kukariri mambo hayo. Walimwachia ayahifadhi kwenye kivinjari cha kompyuta yake, kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo.

Habari zilimfikia tapeli mmoja, Audax, kule Biharamulo, naye akahuzunika upesi sana. Siku ya tano alifika msibani na laptopu begani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba," alijibu Generoza, mjane.

"Marehemu alikuwa kaka yangu kabisa. Kompyuta yake imechoka, kwa hiyo nimeleta hii iwe rambirambi. Nywila zote nitakuhamishia mwenyewe."

"Zinahamaje, mwanangu? Zinapanda gari?"

"Zinapita hewani, mama."

Audax alifungua akaunti yake mwenyewe ya kivinjari kwenye kompyuta ya zamani, kisha kwenye laptopu. Nywila za marehemu zilipanda kwenye akaunti yake, zikashuka kwa mjane. Mjane angeshukuru, na tapeli angeingia popote akiwa kwake amekunja nne.

Akainuka kuaga. Mzee Pius, jirani wa marehemu, akamtazama.

"Unaondoka msibani bila kula? Watu watasema kifo hiki unakijua kilikotoka."

Tapeli anaweza kuvumilia mengi, lakini si maneno hayo. Alikaa uani, akapewa sahani ya ndizi na maharage, halafu ya pili.

Ndani, Generoza alivuta kiti. Kwa miaka tisa ndiye aliyefanya kazi za stesheneri ile; Desderius, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa kupiga soga na wateja. Generoza alijua njia ile ya hewani ina pande mbili: nywila za Audax nazo zilikuwa zimeshuka kwenye laptopu, pamoja na ya akaunti yenyewe. Akanakili za wateja kwenye flashi, akazifuta kwenye akaunti, kisha akaibadilishia akaunti nywila.

Kesho yake simu ililia.

"Mama, kila nikifungua nakataliwa."

"Pole, mwanangu. Nywila zako ninazo mimi."

"Na laptopu yangu?"

"Rambirambi hairudi. Njoo na majina ya wote uliowahi kuwahamishia hivi, tuwarudishie hao kwanza; zako baadaye."

Siku hizi Generoza anafungua stesheneri saa mbili asubuhi. Leo Audax, na orodha ya majina mkononi, ni wa nne kwenye foleni.