Sheria Mpya za Soka za Alder Falls

Jumanne, 9 Septemba

Ukungu mtoni, kahawa kali, asubuhi njema. Nimelibaini tatizo la soka nchini Marekani. Nilikuwa nanyoa ndevu.

Tatizo ni sare. Mmarekani huketi mchana mzima juu ya benchi la bati, kisha anaambiwa hakuna aliyeshinda. Huondoka akijiona ametapeliwa. Ushahidi: jirani yangu Duane Ziebell, refa mstaafu wa hoki ya barafuni. Alitazama mechi moja ya soka maishani mwake. Iliisha bila bao. Hakurudi tena, na kila tukutanapo uani hunikumbusha.

Suala hili si la kinadharia. Jumatatu ijayo kamati ya viwanja ya mji itapiga kura. Ama uwanja wetu wa kando ya mto utabaki wa soka, ama utamwagwa lami kwa ajili ya ile tenisi ndogo inayochezwa kwa vibao vya mbao, iliyowapagawisha wastaafu wote wa Alder Falls, Duane akiwa kinara wao. Mwenyekiti wa kamati, Arlene Kuczmarski, ametangaza kwamba Jumamosi atakuja kuona tukicheza na Mapleton. Akikuta jukwaa tupu, ni lami.

Mimi ni mwenyekiti wa sheria wa ligi ya mji. Cheo hiki hakijawahi kugombewa. Sasa kitafanya kazi. Nitazirekebisha sheria.

Mke wangu Lorraine ameuliza kama dunia nzima imekuwa ikikosea muda wote huu. Nimemjibu kwamba dunia nzima haijawahi kuishi Wisconsin.

Jumatano, 10 Septemba

Rasimu imekamilika. Ni fupi, na haina mwanya.

Saa ya uwanjani itahesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri, honi italia na mchezo utakoma papo hapo. Watu wetu hupenda kujua wataondoka lini. Bao la kutoka mbali litahesabiwa mawili. Kocha ataruhusiwa kuusimamisha mchezo kila apendapo, ili mtazamaji apate nafasi ya kwenda kula. Na kifungu ninachojivunia: sare imefutwa. Timu zikitoshana, mchezaji mmoja atakimbia na mpira peke yake kumkabili golikipa, zamu kwa zamu, hadi mshindi apatikane.

Nimempelekea Pao Vang, nahodha na golikipa wetu. Nilimfundisha jiometri. Aliisoma akiwa ameegemea gari lake, kisha akauliza kwa upole kama kuna jambo amenikosea.

"Mwalimu, baba na wajomba zangu walianza kucheza pale kabla sijazaliwa," alisema. "Mpira hauumwi. Waite watu tu, watakuja."

Nikamweleza kwamba kuita watu si mbinu. Alicheka. Akasema kama hiyo ndiyo njia ya kuunusuru uwanja wa baba yake, atasimama golini hata kwa sheria za mieleka. Kijana mwema. Uthibitisho wa kihisabati haukuwahi kumkaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Ushindi!

Kikao cha ligi kilifanyika baa, kama kawaida ya Ijumaa, wakati mji mzima uko mezani ukisubiri samaki wa kukaanga. Kwa kanuni zetu, hoja isiyoungwa mkono haijadiliwi. Nilihofia ukimya. Lakini nani aliinua mkono? Duane! Ni mjumbe kwa sababu mashine ya kukatia nyasi ni yake. Aliunga mkono kila kifungu, tena kwa tabasamu. Samaki wakaletwa wa moto, na hakuna aliyetaka mjadala. Rasimu ikapita yote.

Duane akaongeza pendekezo lake: maegesho yafunguliwe mapema, watu waje na majiko, wachome nyama nyuma ya pikapu kama wafanyavyo kabla ya mechi za futiboli ya Kimarekani. Hata saa ya kiwanja cha barafu yuko tayari kuiazima kwa niaba yangu.

"Unachotaka ni watu, Profesa," aliniambia. "Mimi nitakujazia watu."

Nimemdhania vibaya miaka mingi. Lorraine anasema Duane akitabasamu hivyo ujue ana lake. Lorraine hana imani na watu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Watu walikuja. Mji mzima! Maegesho yalifurika pikapu, moshi, soseji, viti vya kukunja. Mchezo ukaanza. Jukwaani tulikuwa mimi, Lorraine, Arlene, na mbwa ambaye hatukumjua mwenyewe. Hakuna aliyebanduka kwenye jiko lake. Duane alizunguka gari hadi gari na chupa ya haradali, akiwatuliza watu kwamba hakuna haraka, honi itawajulisha. Kila kocha aliposimamisha mchezo, wachezaji nao walielekea kwenye moshi. Winga wa Mapleton ilibidi afuatwe.

Arlene alisema, bila kunitazama, kwamba maegesho yanapendeza sana.

Kifungu cha bao la mbali kilitekelezwa kwa bidii kupita matarajio yangu. Pande zote zilipiga mashuti kutoka popote. Mipira ikaingia mtoni, mmoja baada ya mwingine, hadi tukabakiwa na mmoja. Manahodha wakapeana mikono na kukubaliana kwamba huo utachezwa chini.

Kisha saa ya kiwanja cha barafu ikapatwa na kichaa. Mchezo ukiwa katikati, ikaruka hadi sifuri, honi ikalia na ikakataa kunyamaza. Watu wakaja mbio kuona kuna msiba gani, nyama mikononi. Jukwaa likajaa! Duane mwenyewe akaing'oa nyaya. Saa ikafa. Refa akatangaza kwamba atatumia ya mkononi mwake na hatamwambia mtu. Makocha, kwa kutojua muda uliobaki, hawakuthubutu tena kuusimamisha mchezo.

Basi wakacheza. Pao aliruka kulia, akaruka kushoto, akaokoa mpira mmoja kwa kisigino akiwa amelala. Golikipa wa Mapleton naye hakupitika. Watu walisimama na hawakuketi tena. Duane, haradali hadi kwenye kiwiko, akaniuliza umebaki muda gani. Nikamwambia hakuna ajuaye.

"Sasa mtu ataondokaje hapa?" alisema, kwa uchungu wa kweli, na macho yake hayakutoka uwanjani.

Kipenga. Bila kwa bila.

Nikachukua kipaza sauti nitangaze kifungu cha kufuta sare. Arlene akanishika koti.

"Orville, keti. Wamepigana vile, halafu unataka mmoja aende kwao analia? Waache."

Watu wakapiga makofi. Sijui walimpigia nani. Niliketi.

Jumatatu, 15 Septemba

Kura imepigwa. Uwanja ni wetu! Kamati imeweka sharti moja, kwamba soka ichezwe kama inavyochezwa kwingineko duniani. Wa tenisi ndogo watajengewa nyuma ya maktaba. Duane alikuja uani kuuliza mechi ijayo ni lini. Anadai ni kwa ajili ya kupanga siku ya kukata nyasi.

Jioni Pao alileta sinia la roli za kukaanga, zilizojazwa nyama na mboga, kutoka kwa mama yake, pamoja na salamu za baba yake, ambaye tangu jana amekaa kando ya uwanja bila shughuli yoyote, akiutazama. "Umetuokolea uwanja, Mwalimu," alisema. Sikuona sababu ya kumpinga. Roli zilikuwa tamu mno. Tulizila barazani, na Lorraine alicheka kwa mambo kadhaa ambayo hakutaka kuyafafanua.

Baada ya chakula nimeyapima matukio kwa utulivu. Hitimisho halikwepeki. Kilichowafurahisha watu wetu ni sare. Mbinu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nilikosea upande tu. Rasimu mpya iko tayari: kila mechi itaisha kwa sare, kwa lazima. Timu ikipata bao, itasubiri hadi wapinzani wasawazishe.

Lorraine ameuliza itakuwaje wakishindwa kusawazisha. Nimemjibu kwamba hilo nalo limezingatiwa: golikipa atageuka na kutazama wavu wake hadi haki itendeke. Pao atafurahi sana.