Mchanga Mweupe wa Mjomba Haidari

Jumatatu, 15 Septemba

Siku njema! Dada yangu Mwanaidi kakubali. Harusi ya bintiye Nasra itafanyika uani kwangu Jumapili. Haki yangu, mimi ndiye mjomba! Kibwana, baba mdogo wa bi harusi, alikuwa anaitaka kwake. Kwake wapi? Na mbwa watano wa kufukuza nguruwe kwenye mpunga? Wageni wa bwana harusi watoke Bungu, wale pilau huku wanabwekewa?

Uani kwangu kuna mchanga mweupe wa mtoni, trela zima, nimeumwaga mwezi uliopita. Na nina paka tisa. Panya hakanyagi. Mmoja alipambana na mamba kule Umwe, mamba akaomba radhi.

Jumanne, 16 Septemba

Balaa dogo. Sista Bernadeta, muuguzi wa zahanati, mtu wa bara lakini ana adabu, kapita nyumba kwa nyumba. Ati kuna minyoo ya mbwa na paka inayoingia watu. Mayai hutoka na kinyesi, hukaa mchangani, baada ya wiki chache yameiva. Mtoto akichezea mchanga akatia kidole mdomoni, kwisha. Minyoo inatangatanga mwilini, hata jichoni hufika.

Nikamwambia mimi nina damu kali, mnyoo ukiniingia unapotea njia. Kasema ndivyo hasa unavyofanya.

Mwanaidi katoa macho. Watoto wa wageni hawakai kwenye mchanga wa mashaka! Nisafishe kabla ya Ijumaa, la sivyo harusi inahamia kwa Kibwana.

Lakini sikio langu lilishanasa neno moja tu: mbwa. Akili ikawaka.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempeleka Sista kwa Kibwana kwa miguu yangu, akauone uchafu. Kibwana kaingia ndani, katoka na kadi! Mbwa wote wamemezeshwa dawa ya minyoo na Urbano, bwana mifugo. Hata vitoto vya mbwa, maana vingi huzaliwa nayo; vya paka, kaongeza Sista, huinyonya kwenye maziwa ya mama. Kinyesi anakifukia mbali. Sista kampongeza. Mbele yangu! Kisha kaniuliza kadi za paka wangu ziko wapi.

Nikajibu paka ni mnyama safi, hata msikitini anaingia. Kasema hana ubishi, ila mnyoo haulijui hilo. Kibwana kacheka mpaka kofia ikaanguka.

Natoka, mbwa mmoja kanilamba mkono. Makusudi! Kafundishwa!

Nikakimbia nyumbani. Nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni kwa maalimu kuondoa najisi ya mbwa. Udongo nikauchota palepale kwenye mchanga wangu mweupe, nikasugua hadi kiwiko. Mwanaidi alikuwa anapita. Kasimama. Kaniambia kaka, hapo unapochota ndipo paka wako wote tisa wanapojisaidia.

Nikaangalia kidole. Haukuwa mchanga.

Nimeanza upya, kwa sabuni. Hesabu sikuweka.

Alhamisi, 18 Septemba

Bwana mifugo wa nini? Dawa ninaijua. Nimesaga mbegu za papai, nikazishindilia ndani ya kambale, nikawaita paka wangu.

Harufu ya kambale ikawaita paka wa kijiji chetu kizima cha Mtawanya. Nilihesabu kumi na saba, nikaacha. Wote wakala samaki, wakatema mbegu, kisha wakaenda mchangani kushukuru.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwanaidi kaja baada ya swala, kawakuta wakishukuru. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema tu, basi kaka, harusi kwa Kibwana.

Nikakaa juu ya kinu. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Kumbe Nasra kasikia. Bi harusi yuko ndani, hatoki, lakini kamtuma shoga yake Zuena na ujumbe kwa mama yake. Ati wakati wa mafuriko, alipokuwa mdogo, mjomba ndiye aliyembeba mabegani kumpeleka shule, siku kumi na mbili, maji kifuani. Haolewi kwingine. Kama uwanja mchafu, usafishwe! (Maji yalifika shingoni. Mtoto hakumbuki vizuri.)

Mwanaidi kafunga khanga kiunoni. Majirani wakaja na majembe. Na nani kaja na mkokoteni? Kibwana! Wakaukwangua mchanga wote, wakaufukia kwenye shimo refu mbali na kisima. Urbano kawamezesha paka wangu dawa, kila mmoja, kasema irudiwe baada ya miezi mitatu. Mimi nilisimamia. Kazi ya kusimamia inachosha sana.

Jumapili, 21 Septemba

Harusi! Haijapata kuonekana Kibiti! Vigelegele vimetisha kunguru. Mikeka juu ya udongo mkavu, uliofagiwa. Ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, Sista kasimama hapo kama askari, hata shehe kanawa. Nasra kapita akanishika mkono, kalia kidogo. Mie tena ni vumbi.

Nimewaeleza wageni jinsi nilivyougundua ugonjwa huu mwenyewe. Kibwana nimemsamehe. Hajajua kwa kosa gani.

Jumatatu, 22 Septemba

Sifa zimefika mbali! Mtendaji wa kijiji kaniomba niseme maneno mawili mkutanoni Jumatano, kuhusu usafi wa uani. Mawili! Nimeandaa arobaini.

Nitawaambia minyoo hii kwa asili ni ya mbwa. Nitawaambia paka akishameza dawa mara moja, ametibiwa yeye na wajukuu zake. Nitawaambia mbegu za papai zinafanya kazi, tatizo lilikuwa kambale. Na vitoto vya paka visisumbuliwe. Vinanyonya maziwa tu, minyoo vitaitoa wapi?

Ninavyo vinne. Urbano hakuviona, nilivificha kabatini visipate uchungu wa dawa. Kimoja kiko mapajani mwangu sasa hivi, kinanilamba vidole. Kina mapenzi hiki! Nimemaliza kukikuna, na kwa mkono huohuo naikomba pilau iliyobaki jana.

Tamu!