Unga Mweusi Kwenye Betri ya Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Murangi.
Mbalamwezi imejaa, dagaa hawavuliki. Mkwe wangu Boniphace kaniachia betri ya taa zake za kuvulia, nimtunzie mpaka giza lirudi. Kaonyesha akili. Hapa kijijini nani mwingine anajua umeme? Makongoro anayechajia watu simu? Yule anajua kuchomeka waya tu. Hata mbuzi akifundishwa ataweza.

Mjukuu wangu Dorah yuko likizo ya chuo. Anasema wanasoma habari za maji yenye chembe ndogo mno, mbele yake vumbi ni magogo. Chembe zikielea vizuri, maji yanapitisha umeme kuliko mwanzo. Nikauliza chembe za nini. Akasema mfano zile nyeusi, kama vile vijiti vya ndani ya betri za redio. Akaendelea kueleza mengine. Sikuyahitaji.

Jumatano, 10 Septemba.
Nimepasua betri zote za redio. Vijiti nimevisaga kwenye jiwe la ulezi, nikachekecha kwa kitenge cha mke wangu Gaudensia, kile cha kanisani. Kauliza kama nimeanza kurukwa akili. Nikamjibu hata waliobuni ndege walikuwaga wanaulizwa hivyo na wake zao. Ugali wa jioni umetoka na rangi ya lami. Umelika.

Ijumaa, 12 Septemba.
Nimefungua vifuniko vya betri ya mkwe. Kila tundu, kijiko cha unga mweusi. Nikaiunga kwenye sola. Ikapata joto, ikatoa mapovu. Nguvu hizo, zinaingia.

Makongoro akapita. Eti, Mzee Mugeta, hiyo unaila na mboga gani? Wivu.

Nikaunga taa. Haikuwaka. Dorah akaja, akashika kichwa. Anadai chembe zangu ni mawe, hazikuelea, zimetuama chini na kuviunganisha vyuma vya ndani. Umeme umepita vizuri sana, babu, anasema, ila umepitia humohumo ndani, nje haukutoka. Betri imekufa.

Mimi nimeshika la kwanza: umeme umepita vizuri sana.

Jumatatu, 15 Septemba.
Giza limerudi. Boniphace kaja kuchukua betri yake. Kwetu mkwe hamgombezi baba wa mkewe, hata akimkuta amekalia chakula chake. Akaitikisa. Akajaribu taa. Akageuka kutazama ziwani, taa za wenzake zinawaka moja baada ya nyingine. Akasema, asante, baba. Akaiweka begani, akaenda zake polepole.

Gaudensia ananinunia. Anasema giza lote hili mkwe atakaa nchi kavu, na wajukuu watalamba chumvi. Wanawake hawajui mambo ya wanaume. Mwanaume akiudhika husema. Huyu kashukuru.

Tena nimekumbuka anayo betri nyingine, ya pikipiki. Kesho nitamwahi asubuhi.