Kidole cha Asali

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata mjukuu! Wa kike. Kaja kabla ya siku zake, mdogo hivi kwamba kilemba changu kingemtosha kuwa blanketi, shuka na godoro. Wamemweka ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Moyo wangu umo humo humo.

Sasa kazi. Kwetu Multan, mzee wa heshima huchovya kidole kwenye asali, akamlambisha mtoto mchanga, na mtoto hurithi tabia yake. Mzee huyo ni mimi. Nani mwingine? Lakini nilipofika hospitali, Barkat, baba wa mkwe wangu Nayla, alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kaikumbatia chupa yake ya asali. Barkat! Mtu anayekoroma harusini! Mtoto arithi hayo?

Hakuingia yeye wala mimi. Mlangoni yupo Sista Tabassum, ambaye kazi yake ni kuzuia maradhi yasihame kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa. Mfupi, mpole, hapitiki. Nikamwambia asali ni dawa. Akakubali: dawa kwako, babu. Kwa mtoto mchanga yaweza kuwa na vijidudu vya kulegeza mwili hadi pumzi ikakwama. Asali isubiri mpaka mtoto atimize mwaka. Mwaka mzima! Nikasema ndiyo, Sista. Moyoni nikasema tutaonana.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango kabambe. Nilivaa aproni ya mfanya usafi, barakoa hadi machoni, dekio mkononi. Asali ndani ya kichupa cha dawa ya macho, kichupa ndani ya kilemba. Nilideki ukumbi mzima, tena kwa ustadi. Mgonjwa mmoja alinishukuru. Nikajitoma wodi ya watoto.

Hatua chache tu, mkono begani. Sista. Akanikaribisha chai. Nikamuuliza kanijuaje na uso wote umefunikwa. Akasema hakuutazama uso. Wafanya usafi wake wote hunawa wakifika bomba la mlangoni. Mimi nililipita kama vile tumegombana. Akanitoa kwa adabu, na biskuti juu. Aibu! Barkat alicheka mpaka kikohozi kikambana. Mungu ni mwadilifu.

Alhamisi, 7 Novemba

Watoto wawili wana homa. Mmoja ni wetu.

Mwanangu Waqar, baba wa mtoto, ameegemea ukuta. Wodi imefungwa kwa wageni. Nilimwendea Sista nikamwambia amkamate Barkat, bila shaka kidole chake kimepenya. Kumbe Barkat alikuwa amenitangulia kunishtaki mimi! Sista akatukalisha wote wawili. "Wazee wangu, simtafuti mtu. Naitafuta njia." Akauliza tulisimama wapi, tuligusa nini. Tukajibu kama watoto wa madrasa.

Kisha akapangusa kwa vijiti vya pamba mabomba, vitasa, vyombo, mikono ya wauguzi, akapeleka vyote maabara. Halafu akaketi ndani ya wodi akitazama tu. Nilimchungulia dirishani. Kutwa nzima kitini! Mjukuu wangu anaungua, yeye anatazama. Nilimwita mvivu, lakini kwa sauti ya chini. Ninaogopa. Ninaogopa sana.

Jumamosi, 9 Novemba

Njia imepatikana. Maziwa ya akina mama hupashwa moto kwa kutumbukiza chupa kwenye bakuli la maji vuguvugu. Maji yale yalikuwa hayamwagwi, yanaongezwa tu. Vijidudu vimestarehe humo, vinapanda chupa, vinapanda mikono, vinafika kinywani. Sista aliliona akiwa pale kitini, na majibu ya maabara yakathibitisha. Bakuli limeondolewa. Hakumtaja muuguzi yeyote. Aliwakusanya wote akawaonyesha namna ya kupasha bila maji. Mvivu ni mimi.

Mtoto amebadilishiwa dawa. Tunasubiri. Barkat alilia benchini. Nikampa ncha ya kilemba changu ajifute. Akapenga kamasi humo! Nikamwacha. Naye moyo wake umo kwenye kisanduku kile kile.

Jumatatu, 11 Novemba

Homa imeshuka! Nimemkumbatia Barkat. Nimemkumbatia na mlinzi wa geti.

Sista alikubali kutuingiza mmoja mmoja, kwa sharti. Alitupaka mafuta fulani mikononi, akatuambia tunawe tuwezavyo, kisha akatumulika kwa taa ya zambarau. Palipobaki mafuta hung'aa. Vidole gumba vyangu viliwaka kama nyumba ya harusi. Vya Barkat? Giza totoro. Safi! Akaingia kwanza. Nikanawa tena mpaka ngozi ikalalamika.

Zamu yangu. Nikapitisha mkono kwenye tundu la kisanduku. Mjukuu akakishika kidole changu, kitupu, hakina asali wala chochote. Akakiminya. Nililia, na sioni haya kuliandika. Sista alijifanya anatazama saa.

Jumamosi, 30 Novemba

Mtoto yuko nyumbani! Wakati wa kuruhusiwa Sista alituapisha: hakuna asali mpaka mwaka utimie, na kunawa mikono kila mara. Niliapa kwa sauti kubwa kumzidi Barkat.

Leo nikajiteua mlinzi wa mlango. Barkat alipofika nikamwamuru anawe. Pete, Barkat! Kucha! Gumba, mzee, gumba! Nilimrudisha bombani tena na tena, na kila akiwa huko mimi nilimpakata mtoto. Mbinu safi, haina hata tone la asali.

Mke wangu, Mama Waqar, akaniuliza kama mimi nimenawa. Mimi? Mimi ni mwenye nyumba! Tena nilikuwa nimetoka kuwalisha njiwa tu. Akanipokonya mtoto, akanisukuma bombani. Niliporudi, Barkat amempakata, anamwimbia, na mtoto ametulia tuli. Kwa Barkat!

Kesho, kabla hajafika, nitafunga koki ya tangi. Bila maji hanawi, na asiyenawa hamshiki mtoto. Sheria ni sheria.