Uzinduzi wa Bwawa la Mkonze

(Ndugu Fulgence, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Bwawa na Msitu wa Mkonze, pembezoni mwa jiji la Dodoma, anapanda jukwaani saa saba na nusu mchana. Wananchi wamekaa juani tangu saa tatu asubuhi. Ni Novemba, mvua bado.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na akaniagiza nimwakilishe, hivyo salamu zake nazipokea mwenyewe; Bwana Optatus, Mwenyekiti wa Mtaa; wachungaji wetu, mashehe wetu, wataalamu, wadau wa maji, wadau wa miti, na wadau wengine ambao udau wenu bado unachambuliwa; akina mama, akina baba, vijana, na ninyi mliosimama kule ambako hema limeishia, nawasalimu kwa Kigogo: Mbukwenyi! (Wachache: "Mbukwa!") Sijasikia. Mbukwenyi! (Wachache wale wale.) Itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, miji midogo ya maeneo makame duniani kote inakabiliwa na changamoto mtambuka za sastenabiliti, kwa maana kwamba watu wanaongezeka, nyumba zinaongezeka, miti inapungua na maji nayo, kwa sababu ambazo tafiti bado zinaendelea kuzibaini, hayaongezeki. Na ni katika kulitambua hilo ambapo mimi, kwa unyenyekevu mkubwa, nimehudhuria semina sita za kimkakati kuhusu ukame, tano kati ya hizo zikifanyika katika hoteli zenye bwawa la kuogelea, ambako nilipata fursa ya kulisoma bwawa kwa vitendo, kuanzia upande wa kina kifupi. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Leo ninayo furaha kuwatangazia kwamba mradi wetu umefikia asilimia sitini na nane nukta nne ya utekelezaji. Shimo mnaloliona nyuma yangu ndiyo Awamu ya Kwanza. Miche mia mbili mnayoiona kwenye vifuko vyeusi ni kiwakilishi cha miche elfu arobaini ambayo hamuioni. Na boza lile la lita elfu kumi limekuja kumimina maji shimoni kwa ajili ya pailoti, ili wapiga picha wetu wapate taswira halisi ya bwawa likiwa bwawa. (Minong'ono. Wanawake wawili wanainuka na kuelekea nyumbani kwa haraka.)

Wapisheni, huo ndio mwamko! Niendelee. Kwa mujibu wa takwimu, bwawa hili litapunguza vumbi kwa asilimia hamsini, joto kwa asilimia thelathini, na asilimia ishirini iliyobaki tumeiacha kwa ajili ya dharura. (Sauti ya mwanamke katikati: "Mheshimiwa, naomba kuuliza.") Maswali yataletwa kwa maandishi, mama yangu. (Watu: "Mpe! Mpe nafasi Mama Dorkasi!") Haya, haya, sisi ni serikali sikivu. Mpeni kipaza sauti. Shikamoo, mama.

(Mama Dorkasi, mkulima wa zabibu, miaka sitini na kitu, kitenge kimefungwa kichwani: "Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule wa shamba la pale chini. Mwaka juzi walikuja vijana wako wakasimika bikoni, vile vigingi vya saruji vya mpaka, wakaniambia maji ya bwawa yatafika mpaka mlangoni kwangu, nitoe mizabibu. Nikaitoa. Mashina mia tatu na arobaini, niliyapanda na marehemu mzee wangu. Mpaka leo pale pako wazi, upepo ukivuma udongo wote unaingia ndani kwangu. Sasa mvua ziko karibu. Nataka unijibu neno moja: nipande, au nisubiri?")

(Ndugu Fulgence anakunywa maji ya chupa.)

Swali zuri sana. Kwanza nikupongeze, mama, kwa kuwa mfano bora wa ushirikishwaji. Kuhusu kupanda au kusubiri, msimamo wa kitaalamu ni kwamba usipande, ila usiache kupanda, bali uwe katika hali ya maandalizi ya kusubiri kwa tija, wakati sisi tunakamilisha andiko la tathmini ya bikoni. (Mama Dorkasi: "Hilo siyo neno moja.") Ni neno moja, mama, ila limeboreshwa. (Kicheko kirefu. Wale wanawake wawili wamerudi na madumu. Dereva wa boza anafungua koki. Mstari unaanza.)

Jamani, naomba utulivu pale kwenye boza! Maji yale ni ya picha! (Watu wengine kumi na tano wanainuka. Madumu yanagongana.) Bwana Optatus, saidia. (Bwana Optatus: "Mheshimiwa, wiki ya tatu hii bomba halijatoa. Hata mke wangu yuko kwenye mstari.") Sawa. Basi ieleweke kwenye taarifa kwamba jamii imeupokea mradi na kuumiliki, huku ikibeba ndoo.

Nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Bwawa," mnasema "Letu!" Bwawa! (Kiti kimoja: "Letu.") Nikisema "Msitu," mnasema "Unakuja!" Msitu! (Mbuzi analia.) Asanteni.

Shukrani za dhati zimwendee Obadia na wenzake wanaofyatua tofali, kwa kutuazima shimo lao, ambalo tutalirudisha kesho asubuhi likiwa safi waendelee na kazi. Dada Sara wa kitalu, kwa miche yake; naomba mbuzi waondolewe hapo, maana imehesabiwa na inarudi saa kumi. Na ninyi nyote kwa kujitokeza, kwa sababu mradi huu hauna faili, hauna mhandisi, zile bikoni ziliwekwa kimakosa na wapimaji waliokuwa wakitafuta mtaa mwingine wenye bwawa lake, na jina lenyewe tulilipata Alhamisi wakati wa kuandika bango, kwa hiyo bila ninyi kukaa hapa leo kusingekuwa na chochote cha kuzindua. Mungu awabariki.

(Makofi kutoka viti vya mbele. Mama Dorkasi hapigi. Anasimama, anakung'uta vumbi kwenye kitenge, anamgeukia jirani yake.)

("Emilia, mizabibu yako umeshaipogoa?")

("Juzi. Pingili ziko nyingi, nilitaka kuzichoma.")

("Usichome, nitazipanda. Nakuja jioni na jembe. Nitaanza kwa kung'oa zile bikoni.")